Tusitibu Mgongo Tukaacha Shokapu

Katika zahanati ninayofanyia kazi Jumatatu ni siku ya migongo. Watoto wenye homa huja siku zote, na akina mama wajawazito wana siku yao, lakini Jumatatu asubuhi utawakuta vijana watatu au wanne wamekaa kwenye benchi wameinama kama wazee, mikono kiunoni. Wote ni madereva wa bodaboda. Jumapili kutwa wamebeba watu na mizigo ya gulio, na sasa wanataka sindano.

Mwaka jana mmoja wao alikuja mara tatu katika mwezi mmoja. Ni kijana wa rika langu na tunataniana. Mara ya tatu hakutaka hata kuulizwa. Aliniambia, "Daktari, nichome ile ile ya juzi, nina safari saa nne." Mimi si daktari. Ni tabibu msaidizi mwenye cheti, kazi ambayo wazee bado wanaiita mganga wa vijijini. Lakini huku kwetu kila avaaye koti jeupe ni daktari.

Nilimpima kama nilivyofundishwa. Miguu ilikuwa na nguvu, hakuwa na ganzi, hakuwa na homa, mkojo ulikuwa safi, na uzito haukupungua. Nikamwuliza, "Pikipiki yako iko wapi?" Akacheka, "Kwani na yenyewe unataka kuipima?" Nikamjibu kuwa ndiyo, ninataka.

Ilikuwa chini ya mwembe. Nilishika breki ya mbele, nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Ilishuka mpaka mwisho, ikagonga chuma kwa chuma, halafu ikarudi juu na kudunda mara tatu kama mpira. Bomba la upande wa kulia lilikuwa limelowa oili iliyoshikana na vumbi. Nyuma nilikuta vipande vya nondo vimepachikwa kati ya mizunguko ya springi na kufungwa kwa mipira ya tyubu, ili pikipiki isiiname ikipakiwa gunia. Kwa hiyo shokapu za mbele zilikuwa zimekufa, na za nyuma zilikuwa zimezuiwa zisifanye kazi. Aliyekuwa akifanya kazi ya shokapu ni uti wa mgongo wa yule kijana.

Nilisimama pale nikaona haya. Mwezi mzima nilikuwa nikitoa dawa ya maumivu kwa ugonjwa uliokuwa umeegeshwa nje ya mlango wangu.

Ndugu wasomaji, ndiyo maana leo katika ukurasa huu wa afya sizungumzii chandarua wala maji ya kuchemsha. Nazungumzia shokapu, au shokomzoba kama wengine wanavyoziita. Maoni yangu ni kwamba shokapu si starehe ya abiria. Ni kifaa cha kulinda afya, kama kofia ngumu na kama breki. Tena nasema kwamba wengi wetu tunaposema tumeiimarisha, kwa kweli tumeiua.

SHOKAPU HUFANYA KAZI GANI?

Shokapu ina vitu viwili vinavyosaidiana, springi na oili. Springi hupokea pigo la shimo au jiwe na kubeba uzito. Lakini springi peke yake haijui kutulia. Ukiibonyeza na kuiachia itaruka juu, itashuka, itaruka tena. Oili ndiyo inayoituliza. Ndani ya shokapu oili hulazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na kwa kuwa inapita kwa shida, mwendo wa springi hupungua na kutulia. Springi hupokea, oili hutuliza. Oili ikivuja, pikipiki hubaki na springi tu, na hapo ndipo kudunda kunapoanza.

Mbele, pikipiki zetu nyingi za kazi zina miguu miwili. Kila mguu una bomba linalong'aa linaloingia na kutoka ndani ya bomba jingine, na ndani yake mna springi na oili. Mlangoni pana mpira wa duara unaozuia oili isitoke na vumbi lisiingie. Mafundi huuita sili. Sili ni kitu kidogo, lakini ikichanika mguu wote huanza kufa. Nyuma zipo shokapu mbili, moja kila upande, na springi zake unaziona kwa nje.

MWILI UNAUMIAJE?

Mtu aliyekaa ana mitikisiko anayoweza kuivumilia na mingine inayomdhuru. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mtikisiko wa kwenda juu na chini humsumbua zaidi mtu aliyekaa unapofika kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde moja. Hapo kiwiliwili hutikisika pamoja na kiti, na pingili za mgongo hugandamizwa na kuachiwa, kugandamizwa na kuachiwa. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliwaagiza waajiri wapime mitikisiko inayowapata wafanyakazi wao, wakiihesabu kwa kazi ya saa 8, na waipunguze ikizidi kiwango. Dereva wa bodaboda wa kijijini hufanya kazi zaidi ya saa 8 juu ya vijituta vya mfululizo kama bati la nyumba. Yeye anapimiwa na nani? Hatuna budi kujipimia wenyewe.

Sisemi kwamba kila mgongo unaouma umeletwa na pikipiki. Kulima, kubeba ndoo na kulala vibaya navyo huumiza. Tena kuna dalili ambazo hazingoji shokapu. Maumivu yakifuatana na ganzi ya miguu au ya sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, homa, kupungua uzito au damu kwenye mkojo, njoo zahanati siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa mshipa wa fahamu umebanwa, kifua kikuu cha mifupa, kichocho au maradhi ya figo. Nawaonya pia juu ya dawa za maumivu mnazonunua dukani na kunywa kila jioni kama chai. Diklofenaki na ibuprofeni zikinywewa ovyo kwa muda mrefu hutoboa tumbo na kuharibu figo. Kijana anayezinywa kila siku ili apate kuendesha pikipiki mbovu anatengeneza maradhi mawili kwa mpigo.

Mgongo ni nusu ya hasara tu. Nusu ya pili ni ajali. Pikipiki husimama kwa sababu tairi limeshika ardhi. Gurudumu lililo hewani halina breki, hata kama breki ni mpya. Shokapu ikifa, tairi hurukaruka badala ya kufuata barabara. Tupige hesabu. Pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa hupita mita 11 katika sekunde moja. Kama wakati wa kufunga breki tairi linakuwa hewani kwa jumla ya nusu sekunde, umepita mita 5 na nusu bila breki. Mita 5 na nusu ni upana wa barabara nyingi za vijijini. Mtoto akikatiza mbele yako, hizo ndizo mita za uhai wake.

YALIYONIPATA MIMI MWENYEWE

Msidhani nawasema wengine tu. Zahanati yetu ina pikipiki ya huduma ya mkoba, na mimi ndiye niliyekuwa nikiiendesha. Sili ya mbele ilianza kuvuja. Kila asubuhi nilichukua kitambaa nikafuta oili, nikaondoka. Niliandika kwenye daftari kwamba inavuja, nikajiona nimemaliza wajibu wangu. Miezi miwili ikapita.

Siku moja nilikuwa nakwenda kitongoji cha mbali kuchanja watoto, nimefunga kibebeo cha chanjo nyuma. Kwenye mteremko wa kuingia korongoni alitokea mbuzi. Nilishika breki ya mbele. Shokapu zilizama mara moja mpaka mwisho, chuma kikagonga chuma, tairi likateleza, nami nikaanguka na pikipiki juu ya mguu wangu. Nilivimba kifundo cha mkono, nikaandika kwa mkono wa kushoto wiki tatu. Hilo ni dogo. Kibebeo kilipasuka mfuniko na barafu ikamwagika kwenye mchanga. Chanjo zile sikuweza kumpa mtoto yeyote. Akina mama walikuwa wamekaa chini ya mti tangu saa mbili, wengine wametembea mwendo wa saa nzima. Walirudi nyumbani na watoto wao kama walivyokuja. Yote hayo kwa ajili ya mpira wa duara ambao ungebadilishwa asubuhi moja.

Nilipopata nafuu niliisukuma pikipiki mpaka kwa fundi wetu, mzee aliyeanza na baiskeli kabla mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo mgonjwa nani, wewe au pikipiki?"

"Wote wawili, mzee."

Alinikalisha kwenye kigoda akanifundisha mengi kati ya haya nitakayowaeleza.

KUIMARISHA KUSIKOFAA

Fundi yule alinionyesha dawa nne za uongo ambazo madereva humtaka azifanye.

Ya kwanza ni kupachika nondo, mbao au mipira kwenye springi za nyuma ili pikipiki isiiname. Pigo ambalo springi imekatazwa kulipokea halipotei. Linakwenda kwenye fremu, kwenye spoku, kwenye rimu na kwenye mgongo. Ndiyo maana pikipiki hizo hukatika fremu chini ya kiti.

Ya pili ni kuongeza shokapu nyingine mbili ili ziwe nne nyuma. Springi zinakuwa ngumu mno kwa dereva akiwa peke yake, na mahali zilipochomelewa hapakutengenezwa kubeba mzigo huo.

Ya tatu ni kumwaga oili chakavu ya injini kwenye miguu ya mbele. Oili ya injini kwa kawaida ni nzito kuliko inayotakiwa, na oili chakavu ina uchafu na chembechembe za chuma zinazokwangua sili mpya.

Ya nne ni kujaza upepo wa tairi kupita kiasi ili libebe mzigo, au kuupunguza mno ili pikipiki iwe laini. Tairi gumu hudunda. Tairi laini hupata moto, hubana tyubu na kupinda rimu. Upepo wa tairi si dawa ya shokapu.

Chanzo cha yote hayo ni mzigo. Dereva ana kilo 65. Amebeba abiria wa kilo 60, na mbele yake gunia la mahindi la kilo 100. Jumla ni kilo 225. Sasa fungua kitabu cha pikipiki yako, au soma kibandiko kilichopo kwenye fremu, uone mtengenezaji ameruhusu kilo ngapi. Ukiona umezidisha, jua kwamba hakuna nondo itakayobadilisha maandishi yale. Na mshikaki, yaani kupakia abiria wawili au watatu kwa mpigo, ni makosa ya barabarani na ni kosa dhidi ya mgongo.

UTUNZAJI ULIO SAHIHI

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mwingereza Barry Coleman na mwendesha pikipiki za mashindano wa Marekani, Randy Mamola, walitembelea Somalia. Walikuta pikipiki za wafanyakazi wa afya zimelala, nyingi zikiwa bado mpya, kwa kukosa utunzaji wa kawaida tu. Kutokana na safari hiyo lilizaliwa shirika la Riders for Health, ambalo baadaye lilifanya kazi katika nchi kama Gambia, Lesotho na Zimbabwe. Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba mwendeshaji ndiye mlinzi wa kwanza. Aikague pikipiki kila siku kabla haijaharibika, asingoje iharibike ndipo aitengeneze. Haya basi ndiyo ya kufanya.

1. Kila siku jioni futa mabomba ya mbele kwa kitambaa laini chenye unyevu, hasa baada ya tope. Tope likikaukia pale huwa kama msasa, na pikipiki ikishuka msasa huo huingia kwenye sili na kuichana.

2. Kila wiki ifanyie jaribio lile la chini ya mwembe. Shika breki ya mbele, kandamiza, achia. Inatakiwa ishuke kwa ulaini, ipande, itulie. Ikidunda mara mbili au tatu, oili imekwisha au imechoka. Ikigonga chini, usisafiri nayo na abiria.

3. Pitisha kidole kwenye bomba. Ukiona mstari wa oili, sili imechanika. Kama una breki ya diski, harakisha zaidi, kwa sababu oili ikifika kwenye diski breki haishiki.

4. Tazama kutu. Vidoadoa vyepesi fundi anaweza kuvisugua kwa msasa laini sana. Bomba lenye mashimo ya kutu au lililopinda libadilishwe. Kufunga sili mpya kwenye bomba la kutu ni kutupa fedha, maana litaichana tena.

5. Badilisha oili ya mbele kwa wakati. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Kwa barabara zetu za vumbi, mimi na fundi wangu tumekubaliana kila kilometa 10,000. Anayekwenda kilometa 80 kwa siku huzifikisha kwa siku 125, yaani miezi minne hivi. Itumike oili ya shokapu, na miguu yote miwili ipate kiasi sawa sawa kilichoandikwa kitabuni. Kwa kupimia, chupa tupu ya dawa ya watoto ya mililita 100 inafaa. Lakini ikishatiwa oili isirudi tena kwenye dawa, wala isiachwe mahali watoto wanapoweza kuifikia.

6. Kazi ya kufungua miguu ya mbele mwachie fundi. Pikipiki huinuliwa kwa gogo chini ya injini mpaka gurudumu la mbele lining'inie, ndipo nati ya juu hufunguliwa polepole. Ndani mna springi iliyobanwa. Anayefungua kwa pupa huku ameinamisha uso anaweza kupigwa jichoni, na jicho halina spea.

7. Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi ndogo hazifunguliwi. Zikivuja au ufito wake ukipinda, nunua jozi. Ukibadilisha moja tu, mpya itavuta huku na ya zamani kule, na pikipiki itayumba kwenye kona.

8. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, bushi au beringi zimekwisha. Shokapu mpya haziwezi kuponya bushi zilizokufa.

KUIMARISHA KUNAKOFAA

Sikatai kuimarisha. Pikipiki iliyotengenezwa kwa barabara ya lami imeletwa kwenye makorongo, lazima isaidiwe. Lakini isaidiwe kwa utaratibu.

Kwanza tumia ulichonacho. Chini ya springi za nyuma, kwenye pikipiki nyingi, kuna pete yenye ngazi ambayo huzungushwa kwa spana yake. Ukiwa peke yako weka ngazi ya chini, ukipakia abiria panda ngazi, na pande zote mbili ziwe ngazi moja. Wengi huiweka ngazi ya juu siku pikipiki inaponunuliwa na hawaigusi tena mpaka inauzwa. Fahamuni kwamba pete ile huinua pikipiki tu. Haiongezi kilo zilizoandikwa kwenye kitabu.

Pili, pima. Azima futi ya fundi cherehani. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma mpaka alama chini ya kiti, gurudumu likiwa linaning'inia. Kisha kaa juu yake, mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili iwe kama robo hadi theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Mathalani, kama mwendo wote ni sentimita 9, ukikaa ishuke sentimita 2 hadi 3. Ikishuka zaidi, springi ni laini kwako au imechoka. Isiposhuka kabisa, ni ngumu, na mgongo wako utakuja kunipa salamu Jumatatu.

Tatu, ukinunua springi au shokapu zenye nguvu zaidi, ziwe za aina ya pikipiki yako na za urefu ule ule. Zikiwa ndefu, uzito hulalia mbele na pikipiki hugeuka kwa wepesi wa hatari. Zikiwa fupi, tairi hugonga madigadi. Tena springi ngumu huhitaji oili inayolingana nayo. Springi ngumu bila oili ya kuituliza ni manati.

Nne, vika mabomba ya mbele vifuniko vya mpira vyenye mikunjo. Ni bei ndogo na vinazuia vumbi. Ila vifungue mara kwa mara usafishe, maana tope likinaswa ndani linakula bomba bila wewe kuona.

Tano, magunia yapande mkokoteni wa punda au wa ng'ombe, au bajaji ya mizigo. Kuiondolea pikipiki mzigo usio wake ni kuiimarisha kuliko kote.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo penye shina la jambo. Niliwauliza madereva wa kijiweni kwetu kwa nini hawatengenezi shokapu. Hakuna aliyesema hajui kwamba ni mbovu. Walisema, "Si yangu."

Dereva wa hesabu hupeleka fedha kwa tajiri kila siku. Kwa kawaida oili ya injini ni juu ya dereva, na injini ikifa ni juu ya tajiri. Shokapu imebaki katikati, haina mwenyewe. Dereva wa mkataba naye anasema atatengeneza pikipiki ikishakuwa yake, na siku inapokuwa yake mgongo tayari ni wa mtu mwingine. Breki ikifa pikipiki haiendi, kwa hiyo italipiwa. Mnyororo ukikatika haiendi, utalipiwa. Lakini shokapu ikifa pikipiki bado inatembea na hesabu bado inapatikana. Hivyo hakuna anayetoa fedha, na anayelipa ni mwili. Dereva analipa kwa mgongo, abiria kwa mguu uliovunjika, na mama mjamzito kwa kutikiswa njia nzima.

Matajiri wenye pikipiki, nawaomba msinikasirikie. Mnasema biashara ni ngumu, nami naamini. Lakini bei ya sili mbili na oili ni ndogo kuliko fremu moja iliyokatika, na ni ndogo sana kuliko dereva mmoja aliyelala ndani miezi mitatu. Basi iandikwe kwenye makubaliano, kwa maneno yanayosomeka, kwamba shokapu ni juu ya fulani, na zitakaguliwa tarehe fulani. Vikundi vya bodaboda navyo viweke akiba ndogo ya kila wiki kwa kazi hiyo, kama vinavyoweka akiba ya msiba. Ni vizuri kuzikana, lakini ni vizuri zaidi kuchelewesha mazishi.

WAGONJWA JUU YA PIKIPIKI

Kwa Tanzania, mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipata dharura, pigeni 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama wa kutafuta usafiri wa dharura. Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa, akalalamika shingo au mgongo, asikalishwe kwenye pikipiki kamwe, hata yenye shokapu mpya. Alazwe sawa juu ya ubao, abebwe na watu wengi. Na pale ambapo pikipiki ndiyo njia pekee ya kumfikisha mgonjwa mwingine, kijiji kijue mapema ni pikipiki zipi mbili au tatu zilizo nzima. Msianze kuulizana usiku wa manane.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wanaokaribia milioni 2 katika Tanzania Bara, wakasikiliza redio kwa vikundi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Babu yangu alikuwa katika kikundi kimoja. Husema kwamba hawakuondoka pale bila kukubaliana nani atafanya nini kesho yake. Nami naomba tufanye vivyo hivyo. Mkimaliza kusoma ukurasa huu kwenye kisomo, nendeni kijiweni, mkandamize kila pikipiki mbele na nyuma, mwandike ipi inadunda na ipi inavuja. Kisha jibuni maswali haya matatu kwa pamoja:

Je, katika kijiji chetu shokapu ni juu ya nani, dereva au tajiri?

Je, ni pikipiki ngapi zina nondo kwenye springi, na zitatolewa lini?

Je, usiku huu mama akishikwa na uchungu na gari likichelewa, tutampakia kwenye pikipiki ya nani?

Yule kijana wa Jumatatu alitoa nondo zake. Tajiri wake alinunua sili, yeye akanunua oili. Mgongo haukupona siku hiyo hiyo. Ulichukua wiki kadhaa, pamoja na mazoezi niliyomwelekeza. Siku hizi akipita zahanati hapandi kwenye benchi. Anapiga honi tu, anaendelea na safari yake.